Mauaji ya Waarmenia 1915: ilikuwa vita tu, au serikali iliamua?

KijanaWaUrambo (Tabora)

Wakuu, poleni na majukumu.

Kijiweni kwetu kuna ubishi umefika pabaya, naomba msaada wa wanaojua. Jamaa mmoja alisoma kwenye simu kwamba kila tarehe 24 Aprili Waarmenia popote walipo duniani huwakumbuka watu wao waliouawa mwaka 1915 chini ya utawala wa Waturuki, na kwamba mwaka 2021 Rais Biden aliyaita mauaji ya kimbari. Ndipo moto ukawaka. Upande mmoja unasema Waislamu waliwachinja Wakristo, basi, hakuna cha zaidi. Upande wa pili unasema hizo ni propaganda za Wazungu waliotaka kuigawana Dola ya Uthmaniya: Waarmenia walishirikiana na Mrusi wakati wa vita, serikali ikawahamisha, na wengi wakafia njiani kwa njaa na homa kama walivyokufa Waturuki wenyewe.

Mimi niko katikati. Historia tuliyosoma shuleni ilitoka Mkutano wa Berlin ikarukia Vita Kuu, huko haikugusa kabisa. Naomba kueleweshwa: hawa Waarmenia ni akina nani? Ilikuwa dini? Na hiyo milioni moja na nusu inayotajwa imetoka wapi?

Tafadhali, bila matusi.

---

MchambuziHuru (Ilala)

Mkuu, hao wa upande wa pili hawako mbali na ukweli. Mwaka 1915 Mrusi yuko mashariki, Mwingereza na Mfaransa wako Gallipoli wanautaka Istanbul. Katikati ya hali hiyo Waarmenia wa Van wanachukua silaha na kuuteka mji. Wapo pia waliokwenda Urusi kujiunga na vikosi vya kujitolea. Ni serikali gani ingekaa kimya?

Halafu mbona hakuna anayelilia Waislamu waliofukuzwa Balkan na Kaukasia? Malaki na malaki walikufa au kukimbia kabla hata ya 1915. Hao hawana siku yao, hawana rais wa Marekani wa kuwataja. Tuwe waangalifu na historia inayoandikwa na washindi.

---

MpishiWaKisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Kaka wa Urambo, mie si mwalimu. Ni mpishi wa shughuli hapa Kisauni. Lakini nilifanya kazi Beirut, Lebanon, mtaa wa Bourj Hammoud, nikimuuguza ajuza wa Kiarmenia mpaka alipofariki. (Mambo ya kafala na pasipoti kufungiwa kabatini yana uzi wake, sitayaingiza hapa.)

Mtaa ule ni wao. Mabango ya maduka yana herufi ambazo si za Kiarabu wala za Kizungu. Ni herufi zao wenyewe, walizotungiwa na mtawa wao Mesrop Mashtots mwaka 405. Vitongoji vyake ni Nor Marash, Nor Adana, Nor Sis, yaani Marash Mpya, Adana Mpya, Sis Mpya. Ukiuliza zile za zamani ziko wapi, unaonyeshwa kidole kaskazini, Uturuki.

Yule bibi tukimwita Nene. Alizaliwa papo hapo Bourj Hammoud, kwenye kibanda cha mbao na bati, maana wazazi wake walikuwa wakimbizi. Na lililonistaajabisha tangu mwanzo ni kwamba Nene alikuwa akisali kwa Kituruki. Akinigombeza, Kituruki. Jioni ni tamthilia za Kituruki, na ole wako uguse rimoti. Mjukuu wake, kijana wa siasa, alikuwa akifoka kwamba hiyo ni lugha ya waliotuua. Nene hana habari naye. Kituruki ndicho alichokinyonya kwa mamake. Waarmenia wengi wa Marash na Adana walisema Kituruki nyumbani, hata Biblia zao zilichapwa kwa Kituruki ndani ya herufi za Kiarmenia. Basi akikwambia mtu kwamba hawa walikuwa wageni kwenye nchi ile, muulize mgeni gani huota ndoto kwa lugha ya mwenyeji.

Ni akina nani? Ni watu wa nyanda za juu za kuzunguka ziwa Van na mlima Ararat. Mfalme wao Tiridates III alipokea Ukristo mwanzoni mwa karne ya 4, wao husema mwaka 301, na wanajivunia kwamba ni ufalme wa kwanza duniani kuufanya dini ya dola. Falme zao zilianguka, wakagawanywa baina ya Waajemi, Waturuki na baadaye Warusi. Chini ya Uthmaniya walikuwa na patriaki wao Istanbul, shule zao, mambo yao ya ndoa na mirathi wakijiamulia. Sawa na Mwislamu hawakuwa: walikuwa na kodi yao ya peke yao, na neno lao mahakamani lilikuwa na uzito mdogo. Lakini waliishi. Wengi walikuwa wakulima, wengine mafundi, wachache matajiri. Kasri la Dolmabahçe ambalo watalii wanapigia picha Istanbul lilijengwa na wasanifu wa ukoo wa Balyan, Waarmenia.

Ndiyo maana neno la "dini, basi" silikubali. Dini ilikuwepo karne na karne. Ingekuwa ni dini peke yake, wangekwisha zamani.

Kilichogeuka ni dola yenyewe kuanza kumomonyoka. Karne ya 19 inapoteza nchi za Balkan moja baada ya moja, na Waislamu waliofukuzwa huko wanamiminika Anatolia na machungu yao. Hapo ndugu wa Ilala amesema kweli, tena hao ndio waliokuja kupewa nyumba za Waarmenia baadaye. Mwaka 1878 Wazungu wakaandika kwenye Mkataba wa Berlin, kifungu cha 61, kwamba Sultani atawafanyia Waarmenia marekebisho na kuwalinda. Waliandika, wakaenda zao. Ahadi ile ikawaletea Waarmenia kutazamwa kama vibaraka, na ulinzi hawakuuona. Mwaka 1891 Sultani Abdülhamid II akaunda vikosi vya farasi vya Hamidiye, wengi wao Wakurdi, na kati ya 1894 na 1896 wakauawa Waarmenia wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Mjini Urfa, Desemba 1895, waliokimbilia ndani ya kanisa kuu walichomwa moto humo humo, watoto kwa wazee.

1908 wakaja Vijana wa Kituruki, wapinzani wa Sultani, na katiba. Mashehe na mapadri wakakumbatiana mitaani. Haukupita mwaka, Aprili 1909, Adana na vijiji vyake wakauawa Waarmenia wapatao 20,000. Halafu vita vya Balkan vya 1912 na 1913, dola ikapoteza karibu nchi yake yote ya Ulaya, na Januari 1913 Chama cha Umoja na Maendeleo, cha hao Vijana wa Kituruki, kikaipindua serikali. Kuanzia hapo wenye dola ni watu watatu: Talat, waziri wa mambo ya ndani, Enver wa vita, na Cemal wa majeshi ya majini. Hawa hawakuwa watu wa msikitini. Walikuwa watu wa taifa, wa "Uturuki kwa Waturuki", na dini wakiitumia pale ilipowafaa.

Sasa 1915. Enver alilipeleka jeshi lake milimani Sarıkamış katikati ya baridi, Desemba 1914, likaangamia kwenye theluji. Lawama wakatafutiwa Waarmenia. Askari Waarmenia waliokuwa ndani ya jeshi lile lile la Uthmaniya wakapokonywa bunduki Februari, wakapewa sururu na mizigo, na wengi wakapigwa risasi barabarani walizokuwa wakizichimba. Usiku wa 24 Aprili, Istanbul, polisi wakapita na majina mkononi, wakawakamata zaidi ya watu 200: waandishi, madaktari, mapadri, wabunge. Mmojawapo ni Komitas, padri aliyekusanya nyimbo za wanavijiji. Yeye alirudishwa, ila akili haikurudi naye; alifia hospitali ya wagonjwa wa akili Paris mwaka 1935. Mshairi Daniel Varoujan hakurudi kabisa. Tarehe 27 Mei ikatoka sheria ya kuhamisha watu.

Mamake Nene alikuwa binti mdogo Marash. Babake alikuwa fundi wa shaba. Kabla hawajatolewa walikuja watu na daftari, wakaandika kila kilichomo, sufuria kwa sufuria, nyundo kwa nyundo, wakasema mtavikuta mkirudi. Kulikuwa na tume kabisa za "mali zilizoachwa", na sheria yake. Nene alikuwa akilirudia hilo kila mwaka, kwa sauti ya mamake: majambazi hawaji na karani. Mie nilipenda sana maneno hayo, maana hapo ndipo penye jibu la swali lako. Jirani akikuchukia anaweza kukuua wewe, pengine na nduguyo. Kuitoa miji na vijiji vya nchi nzima, kutoka Bahari Nyeusi hadi Mediterania, ndani ya miezi michache, kunataka telegramu, magavana, treni, ratiba na karani.

Wanaume wa vijiji vya mashariki hawakufika hata mbali. Walitengwa wakauawa nje ya mji. Trabzon wengine walipakiwa mashuani wakatoswa baharini. Wanawake na watoto ndio waliotembezwa. Mamake Nene walipelekwa Aleppo, kisha wakateremka na mto Furati, Meskene, halafu Deir ez-Zor, jangwani Syria. Mamake huyo binti alifia Meskene. Yeye binti akachukuliwa na watu wa mahema, Waarabu, akawekwa chale za buluu kidevuni kama mabinti zao. Vita vilipokwisha akapelekwa Aleppo, kwenye nyumba ya Mdenmark Karen Jeppe aliyekuwa akiwakusanya mabinti na watoto kama hao kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Picha ya mamake Nene ilikuwa sebuleni. Ameweka mkono kidevuni, kama mtu anayefikiri. Kumbe anaficha chale.

Na walionusuru? Waislamu, wengi wao. Waarabu wa jangwani, Wakurdi wa Dersim. Tena maafisa. Celal Bey, gavana wa Aleppo, alikataa kushiriki, akahamishiwa Konya, kule nako akakaidi mpaka wakamwondoa. Mazhar Bey wa Ankara alikataa, akaondolewa. Faik Ali Bey wa Kütahya aliwalinda wa kwake. Hüseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lice, alikataa akauawa, na gavana aliyekuwa juu yake, Mehmed Reşid wa Diyarbakır, alikuwa daktari wa binadamu. Sharifu Hussein wa Makka mwaka 1917 aliandika barua kuwaagiza watu wake wawalinde Waarmenia kama wanavyojilinda wenyewe na watoto wao. Kwa hiyo anayesema "Waislamu waliwaua" awahesabu na hawa. Mie ni Mwislamu na nilikuwa nikiulizwa hilo Bourj Hammoud, sokoni, na majina haya ndiyo niliyojifunza kwa moyo.

Kitu kimoja zaidi, mtanisamehe ni cha kazi yangu. Nene alikuwa na jamaa Anjar, bonde la Bekaa, kijiji cha watu wa Musa Dagh. Hawa mwaka 1915 walikataa kuhama, wakapanda mlima wao karibu na Antakya na silaha chache, wakapigana zaidi ya siku 50. Wakatundika shuka kubwa linalotazama baharini lenye msalaba mwekundu, manowari za Ufaransa zikaliona, zikawachukua watu zaidi ya 4,000 hadi Port Said, Misri. Baada ya vita walirudi kwao, na mwaka 1939 Ufaransa ilipoiachia Uturuki eneo lile, wakahama tena, ndipo wakajengewa Anjar. Kila Septemba wanaadhimisha, na usiku kucha wanaume wanakoroga masufuria makubwa ya ngano na nyama, ngoma na zumari zikilia. Nikaonja. Jamani, ni bokoboko! Bokoboko letu hili la Kipwani, kasoro samli na sukari juu. Nikawaomba mwiko, wakacheka, mwanamke hagusi mwiko usiku ule. Nikawaambia wanaivisha vizuri ila nyama hawaichambui inavyopaswa.

---

MchambuziHuru (Ilala)

Dada, simulizi yako inagusa, sikatai. Ila simulizi ya bibi mmoja si ushahidi. Nauliza tena: Van walipigana au hawakupigana? Na kama nia ilikuwa kuwamaliza, mbona Waarmenia wa Istanbul, wengi tu, waliachwa? Serikali ya Uturuki haikatai kwamba watu walikufa. Hata Erdoğan mwaka 2014 alitoa rambirambi kwa wajukuu zao. Inachokataa ni kwamba ilikuwa nia. Vita, homa ya matumbo na chawa, majambazi njiani, ukosefu wa chakula: dola nzima ilikuwa inakufa.

---

MkalimaniMstaafu (Arusha)

Naomba niingie hapo kwenye nia na vita tu, mengine dada wa Kisauni ameyamaliza.

Nilikuwa mkalimani kwenye Mahakama ya Rwanda hapa Arusha. Mawakili wa utetezi walikuwa na hoja hiyo hiyo ya Mchambuzi, karibu neno kwa neno: kulikuwa na vita, waasi wa RPF walivamia tangu Oktoba 1990, wananchi walikuwa na hofu, waliouawa walikuwa washirika wa adui. Mahakama haikukataa kwamba kulikuwa na vita. Ilichouliza ni kama mtoto mchanga wa wilaya ya Taba alikuwa mshirika wa adui. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, akawa mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari chini ya Mkataba wa 1948.

Na nia haitafutwi kwenye karatasi iliyosainiwa "ueni wote". Hupatikana kwa kutazama mwenendo: nani kalengwa, kwa utaratibu gani, mahali pangapi kwa wakati mmoja, na walioachwa waliachwa kwa sababu gani.

Kuna uzi unaounganisha Deir ez-Zor na Arusha, na wengi hawaujui. Talat alikimbilia Berlin baada ya vita. Istanbul yenyewe, mahakama ya kijeshi ya Uthmaniya, si ya Wazungu, ilimhukumu kifo Julai 1919 akiwa hayupo, pamoja na Enver na Cemal. Machi 1921 kijana Mwarmenia, Soghomon Tehlirian, akampiga risasi mchana kweupe barabarani Berlin. Baraza la mahakama la Wajerumani likamwachia huru Juni mwaka huo huo. Mwanafunzi mmoja wa Kiyahudi wa Poland, Raphael Lemkin, aliifuatilia kesi hiyo akasumbuka: kwa nini kuna sheria ya kumshtaki aliyemuua Talat, na hakuna sheria ya kumshtaki Talat mwenyewe? Ndiye aliyekuja kupigania Mkataba wa 1948 mpaka ukapita. Kwa hiyo sheria tuliyokuwa tukiitafsiri pale AICC, jengo la mahakama yetu, ilianza kwa swali kuhusu Waarmenia.

---

MpishiWaKisauni (Mombasa)

Ahsante sana mzee wangu wa Arusha.

Kaka wa Ilala, ulichouliza ni halali, nami nakujibu. Van walipigana, ndiyo. Walianza tarehe 20 Aprili, baada ya gavana Cevdet, shemeji yake Enver, kuwaua viongozi wao na vijiji vya pembeni kuanza kuchinjwa. Lakini chukua ramani. Van iko mpakani na vita, sawa. Marash iko wapi? Bursa je? Izmit? Ankara kulikuwa na Waarmenia Wakatoliki, wasemao Kituruki, wasiojua hata Mrusi anafananaje. Nao wakatolewa mwishoni mwa Agosti, baada ya Mazhar Bey kuondolewa. Kilomita mia ngapi toka kwa Mrusi? Na mtoto wa fundi wa shaba wa Marash alimpa Mrusi nini?

Istanbul waliachwa kwa sababu balozi zilikuwa pale, macho ya wageni yalikuwa pale. Balozi wa Marekani Henry Morgenthau alikuwa akimwendea Talat ofisini kulalamika uso kwa uso. Na hata hao wa Istanbul, vichwa vyao ndivyo vilivyokatwa kwanza, usiku ule wa 24.

Wasema simulizi ya bibi mmoja. Haya, muache Nene. Waache na wamisionari, na Wamarekani. Wachukue Wajerumani, waliokuwa upande mmoja na Uthmaniya vitani na wasiokuwa na faida yoyote kumchafua rafiki yao: konsuli wao wa Aleppo, Walter Rössler, aliandika ripoti kwa ripoti, na zimo kwenye kumbukumbu za serikali yao. Bunge la Ujerumani lilipolitambua jambo hili Juni 2016 lilikiri na fungu la Ujerumani yenyewe, iliyojua ikanyamaza. Au mchukue Faiz el-Ghusein, Mwarabu, Mwislamu, mwanasheria, aliyepata kuwa afisa wa Uthmaniya. Alikuwa mfungwa Diyarbakır wakati ule, akaona, akatoroka, akaandika kwa Kiarabu mwaka 1916. Alisema wazi aliandika ili watu wasije wakausingizia Uislamu.

Sasa idadi, kaka wa Urambo. Kabla ya vita serikali ya Uthmaniya ilihesabu Waarmenia zaidi kidogo ya 1,200,000, nayo Patriarkati yao ikisema wanakaribia 2,000,000. Ndiyo maana hesabu za waliokufa zinatofautiana, wengine wakisema 600,000, wengine milioni moja, Waarmenia wenyewe 1,500,000. Lakini ipo hesabu moja ambayo hakuna Mzungu aliyeishika kalamu yake. Talat alikuwa na daftari lake. Mjane wake alilihifadhi, na mwandishi wa Kituruki Murat Bardakçı akalichapisha mwaka 2008. Ndani yake Waarmenia wa kabla ya kuhamishwa ni 1,256,403. Wa mwaka 1917 ni 284,157. Toa mwenyewe. Si wote waliokosekana walikufa, wapo waliofika Kaukasia na waliofichwa majumbani, na hesabu ya kwanza nayo pengine ilikuwa pungufu. Lakini waziri hawezi kuwa na tarakimu hizo kwenye daftari lake halafu tuambiwe walikuwa ni chawa.

Na Waislamu wa Balkan, kaka, mie nakuunga mkono. Walilieni. Andikeni. Ila msiwafanye ngao. Hata Waashuru na Wagiriki wa dola ile ile waliuawa miaka hiyo, na sijasikia yeyote kijiweni akiwataja.

Bourj Hammoud tarehe 24 Aprili maduka yote hufungwa. Watu huandamana kwa miguu hadi Antelias, kwenye makao ya kanisa lao, na pale uani kuna kanisa dogo lenye mifupa iliyookotwa Deir ez-Zor, mafuvu yamepangwa nyuma ya kioo. Mwaka 2015, kutimiza miaka 100, nilimsukuma Nene kwenye kiti chake cha magurudumu. Jua kali, njia yote ananigombeza kwa Kituruki kwamba namtikisa. Tulipofika kwenye kioo akaniambia nimsogeze zaidi, miwani hakuja nayo. Sikuyapenda yale mafuvu, lazima niseme. Kwetu maiti huzikwa. Nikamwambia. Akasema kwao pia, ila hawa wakizikwa watu watasema hawakuwepo.

---

DerevaWaMoyale (Nairobi)

Nyongeza ndogo kwa mnaosema mambo haya yako mbali na sisi. Mkifika Addis Ababa ulizeni habari za Arba Lijoch, watoto arobaini. Mwaka 1924 Ras Tafari, kabla hajawa Haile Selassie, alizuru Jerusalem akakuta mayatima Waarmenia wana bendi ya tarumbeta kwenye monasteri yao. Akawapenda, akawachukua, wakawa bendi ya kifalme Ethiopia. Kiongozi wao Kevork Nalbandian ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa enzi ya mfalme. Watu wa muziki wa Addis hukwambia kwamba zile tarumbeta za Kihabeshi tunazozipenda zilipitia mikononi mwa hao watoto. Kanisa la Waarmenia lipo mjini Addis hadi leo.

---

KijanaWaUrambo (Tabora)

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimesoma kijiweni kwa sauti, jamaa wa "dini, basi" alinyamaza aliposikia majina ya hao magavana, ila yule wa pili bado anasema tumsubiri Mchambuzi.

Swali la mwisho kwa dada wa Kisauni. Na hawa Waarmenia wa Karabakh waliokimbia juzi juzi, 2023, ni mwendelezo wa jambo hili hili?

---

MchambuziHuru (Ilala)

Mimi nipo. Hilo daftari la Talat sikuwa nalijua, nitalitafuta nijionee. Msimamo wangu kuhusu Van haujabadilika.

---

MpishiWaKisauni (Mombasa)

Utafute, kaka, na Van tutakutana hapo hapo.

Kijana, hilo la Karabakh lisichanganywe haraka. Ni nchi nyingine, ni Azerbaijan, na ugomvi wake ni wa tangu Wasovieti. Septemba 2023, baada ya shambulio la siku moja, Waarmenia zaidi ya 100,000, karibu wote waliokuwa wamebaki kule, waliondoka ndani ya takriban wiki moja. Serikali ya Baku inasema hakuna aliyewafukuza. Bibi aliyelelewa na habari za Deir ez-Zor akiziona zile picha za magari yamepangana milimani na magodoro juu, humwambii kitu. Naelewa kwa nini.

Lakini kule walikufa na wengine. Sumgait, Februari 1988, Waarmenia waliwindwa majumbani mwao. Khojaly, Februari 1992, raia wa Kiazerbaijan kwa mamia waliuawa wakikimbia usiku kwenye baridi, na waliowapiga ni majeshi ya Kiarmenia. Na vita vya kwanza vilipokwisha, Waazerbaijan laki kadhaa walikuwa wametolewa makwao. Nilipomgusia Khojaly mjukuu wa Nene alinikata neno, akasema hizo ni propaganda, ilikuwa vita. Maneno yale yale!

Fungua uzi mwingine wa Karabakh, na wa Ilala usimsahau kumwita, maana kuhusu Khojaly mie na yeye huenda tukakubaliana, nami nataka nione atasema nini nikimwambia kwamba waliouawa pale nao walikuwa na jirani zao waliochukua silaha.